Asidi chini ya chuma: uchambuzi wa mguu mmoja wa bodaboda, Tanga

Mtoto wa shangazi yangu alivunjika mguu kwenye barabara ya Pongwe, saa nne usiku, akiwa ameshateremsha abiria na anarudi mjini. Lori lilikuwa limemwaga mchanga kwenye kona. Pikipiki ikateleza, ikamlalia. Mfupa wa goko ulikatika katikati, na ngozi ikapasuka mahali padogo, pa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wenzake wa kijiweni walimfunga kwa kanga na vipande viwili vya ubao, wakampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Ule mpasuko mdogo nitaurudia, maana ndio mlango.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, si daktari. Lakini ndiye niliyeshika faili lake miezi yote ya kliniki, na yeye ameniruhusu kuandika. Ninachotaka kusema ni hiki: ndani ya mguu ule kulikuwa na asidi, ikifanya kazi yake wakati sisi sote tunaambiana mguu unapona, na hapakuwa na mtu mwenye njia ya kuiona. Sasa njia hiyo inatengenezwa, kwa chembe zinazong'aa. Nimeisoma kwa muda, na nadhani mguu huu unaonyesha vizuri ni aina gani ya chembe hizo itatufaa na ipi itabaki maabara kwa miaka mingi.

Yaliyotokea

Siku ya nne alifanyiwa upasuaji. Aliwekewa chuma chenye matundu manane na skrubu saba. Tundu moja liliachwa wazi kwa sababu lilikuwa juu kabisa ya pale palipovunjika. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Kidonda kilikuwa kikavu, mstari mwembamba mweusi, na daktari alifurahi. Sisi pia tulifurahi. Shangazi alipika pilau.

Wiki ya tatu akaanza kulalamika usiku. Hakuwa na homa. "Kaka, mguu unachemka kwa ndani," aliniambia, na alisema kwa ndani, akibonyeza kwa kidole mahali pamoja, chini kidogo ya katikati ya goko. Shangazi alisema baridi imeingia kwenye chuma, akawa anamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Nilimwambia asikande. Hakunisikia, na simlaumu. Mama akimwona mwanawe halali usiku lazima afanye kitu.

Wiki ya tano tulirudi kliniki. Wakampiga picha ya eksirei: chuma kimekaa, skrubu zimekaa, mfupa umenyooka. Kipimo cha damu cha kuangalia uvimbe wa ndani kilikuwa juu, tukaambiwa ni kawaida kwa mtu aliyetoka kwenye upasuaji. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Kipimo kile hupanda kwa upasuaji, kwa mfupa uliovunjika, hata kwa mafua, na hakisemi shida iko wapi. Wiki ya saba, kwa tahadhari, alichomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku tano. Maumivu yakatulia kidogo, kisha yakarudi.

Wiki ya nane palivimba. Uvimbe mdogo, kama ndimu iliyokatwa nusu ikalazwa chini ya ngozi, wenye joto. Ikaamuliwa upasuliwe kidogo hapo hapo kwenye chumba cha vidonda.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nesi alivuta dawa ya ganzi kwenye bomba, lignokeini ileile ambayo madaktari wa meno hutumia, akachoma pembeni ya uvimbe, akachoma juu, akasubiri. Akagusa kwa ncha ya sindano. Kijana akaruka.

"Sista, ganzi haijashika."

"Vumilia baba, naongeza."

Akaongeza. Tukasubiri tena, dakika tano nzima, feni ya darini ikipiga kelele. Akagusa. Akaruka tena. Mwishowe walimshika mabega, wakapasua hivyo hivyo, na usaha ukatoka. Yule nesi alikuwa na huruma, jasho lilimtoka kama yeye ndiye anayekatwa. Hakukosea chochote. Dawa haikuwa mbovu pia, kwa sababu chupa hiyohiyo ilimtia ganzi vizuri mzee aliyefuata, aliyekuwa na jipu dogo la juu juu mkononi.

Usaha ulipooteshwa maabara ulionyesha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, mkazi wa ngozi na pua za watu wazima wasio na ugonjwa wowote, na ndiye anayeongoza kwa kushambulia vyuma vya mifupa duniani kote. Wiki ya tisa chuma kilitolewa, mfupa ukasafishwa, akawekewa ile fremu ya nje ambayo kila mtu hapa anaiita antena, na dawa za wiki sita.

Ganzi ilisema nini

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na swali moja tu: kwa nini ganzi haikushika? Jibu lake ndilo lililonifikisha kwenye mambo ya vihisi, yaani zile chembe zinazong'aa za kupimia asidi.

Lignokeini hukaa mwilini kwa sura mbili, yenye chaji na isiyo na chaji. Isiyo na chaji ndiyo inayoweza kupenya utando wa neva na kuingia ndani kufanya kazi. Mgawanyo wa sura hizo unaamuliwa na pH, namba ya kupimia asidi: ikishuka, asidi imezidi. Kwenye nyama ya kawaida, pH 7.4, karibu asilimia 24 ya dawa haina chaji. Ikishuka hadi 6.4, inabaki asilimia 3 hivi. Chupa ileile, kipimo kilekile, mkono uleule wa nesi, lakini dawa inayoweza kuingia kwenye neva imepungua mara nane. Damu nyingi inayopita kwenye nyama iliyovimba huichukua dawa pia na kuipeleka mbali, kwa hiyo sisemi asidi ilifanya yote peke yake. Lakini madaktari na waganga wa meno wanalijua hili tangu zamani: kwenye jipu lililoiva, ganzi haishiki. Ganzi ilikuwa inapima pH kwa njia ya maumivu.

Na kuna la pili, linaloniuma zaidi. Jentamaisini ni katika kundi la dawa ambazo nguvu yake hupungua sana penye asidi na hewa kidogo. Tulipomchoma wiki ya saba, dawa ilikwenda kupigana mahali ambapo silaha yake imefanywa butu. Kama mtu angejua pH ya pale, angechagua tofauti, au angefungua mapema.

Asidi hii inatoka wapi? Bakteria wakishafika kwenye chuma hujishikiza na kujifunika utando wa ute. Chuma hakina mishipa ya damu, kwa hiyo upande huo wa utando haufikiwi na hewa ya oksijeni ipasavyo, na wao huivunja sukari bila oksijeni wakitoa asidi ya laktiki na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo ya siki. Chembe nyeupe za damu zinazokuja kupambana nao hutoa asidi ya laktiki. Pembeni, milimita chache tu, damu ina baikaboneti inayoizima asidi mara inapofika. Ndiyo maana damu ya kijana huyu ingepimwa siku yoyote ingesoma kati ya 7.35 na 7.45 kama ya kwako na yangu. Moto ulikuwa umefungiwa kwenye kachumba.

Wanafunzi wangu husikia 7.4 na 6.4 wakadhani ni tofauti ndogo. Ngazi ya pH, aliyoibuni Sørensen mwaka 1909 kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, inahesabu kwa kuzidisha. Kwenye 7.4, lita moja ina nanomoli 40 hivi za ioni za haidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe. Kwenye 7.1 zimekuwa 80. Kwenye 6.4 ni 400.

Na picha ya eksirei ya wiki ya tano? Mfupa lazima upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake kabla jicho halijaona doa kwenye picha ya kawaida. Picha ilikuwa inasema kweli kuhusu mfupa. Swali letu lilikuwa la kitu kingine.

Manjano kwenye kanzu

Njia ya kupima asidi mahali bila kupafungua inaanzia kwenye kitu ambacho kila nyumba ya Tanga inakijua. Siku ya Idi tone la biriani linadondoka kwenye kanzu nyeupe. Doa ni la manjano. Unapaka sabuni, doa linageuka jekundu, la kutisha, kama damu ya jana. Unakamulia ndimu, linarudi njano. Rangi ya manjano, kurkumini, inabadili umbo lake inapopewa au inaponyang'anywa haidrojeni, na umbo likibadilika, mwanga unaomezwa unabadilika. Chukua manjano hayohayo, yaloweke kwenye spiriti, kisha washa ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti madukani: maji ya spiriti yanang'aa kijani-njano. Nimefanya hivyo darasani mara nyingi na kila mara kuna mtoto anayepiga kelele.

Kihisi cha nano cha asidi ni hicho kitu, kikiwa kimewekwa ndani ya chembe ndogo kiasi cha kuingia kwenye seli. Katika miaka ya 1990, Raoul Kopelman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walifungia rangi zinazong'aa ndani ya vijiduara vya plastiki laini, wakavipenyeza kwenye seli hai na kusoma mwanga wake kwa hadubini. Waliviita PEBBLE. Kufungia kuna faida mbili: rangi haiigusi seli na kuitia sumu, na protini za seli haziigusi rangi na kuidanganya.

Lakini kung'aa peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanaosoma habari hizi juu juu wanapopotea. Nikiweka manjano mengi kwenye glasi moja na machache kwenye nyingine, ya kwanza itang'aa zaidi ingawa spiriti ni ileile. Mwanga mwingi unaweza kumaanisha asidi nyingi, au rangi nyingi, au nyama nyembamba. Kwa hiyo kihisi kizuri hubeba rangi mbili: moja inayosikiliza asidi, nyingine isiyojali. Unagawa mwanga wa kwanza kwa wa pili. Wingi wa chembe ukiongezeka, zote mbili zinaongezeka na jibu la mgawanyo linabaki palepale. Linabadilika pH inapobadilika tu.

Bahari yetu yenyewe inachezea mwanga na asidi. Yeyote aliyesukuma ngalawa Sahare usiku usio na mwezi ameona maji yakimetameta penye kasia. Ni viumbe vya seli moja. Unapovigusa, haidrojeni inamwagwa kutoka kwenye kifuko chenye asidi hadi kwenye vijumba vinavyotoa nuru, pH ya humo inashuka, na nuru inatoka. Jambo hili lilipendekezwa tangu 1972, na protini inayofanya kazi ya mlango wa haidrojeni kwenye viumbe vya jamaa hiyo ilipatikana 2011. Mtoto wa shangazi alikuwa anatoka na wavuvi kabla ya kununua pikipiki. Nilimweleza haya akiwa amelala na antena mguuni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe yale maji yanapima."

Tatizo la nyama

Weka tochi ya simu chini ya kiganja chako gizani. Mkono unawaka mwekundu. Kijani na bluu vimemezwa na damu, na nyekundu iliyopita imetawanyika, huoni hata mfupa. Sasa fikiria chembe inayong'aa kijani chini ya sentimita mbili za nyama ya mguu. Haitoki.

Watafiti wamelizunguka tatizo hili kwa namna kadhaa. Moja ni chembe zenye metali mbili adimu, iterbiamu na erbiamu, zinazopigwa kwa mwanga usioonekana wa nanomita 980 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita; hapa inapima urefu wa wimbi la mwanga) na kurudisha kijani na nyekundu. Faida yake ni kubwa, kwa sababu nyama yenyewe haing'ai kwa mwanga huo, kwa hiyo unachokiona ni cha chembe tu. Hasara ni kwamba maji yanaumeza mwanga wa 980 na kupata joto, na kijani kinachorudi bado lazima kipenye damu. Kwa panya mwenye ngozi nyembamba inawezekana. Kwa goko la mwanamume wa miaka 26, sina imani.

Halafu kuna swali la zinakokwenda. Chembe ya nano iliyochomwa kwenye damu huishia zaidi kwenye ini na bandama. Zile ndogo sana, chini ya nanomita 6 hivi, figo huzitoa. Kubwa kuliko hizo hukaa. Nyingine, kama zile nukta za kwantamu, vijifuwele vinavyong'aa rangi kulingana na ukubwa wake, zilizowapatia Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, mara nyingi zina kadimiamu ndani yake, na kadimiamu ni sumu. Kumchoma mgonjwa mabilioni ya chembe ili usome milimita tano za mguu wake ni hesabu isiyokubalika, na nadhani kamati yoyote ya maadili itakuwa na haki ya kukataa.

Kihisi kinachokaa juu ya chuma

Kuna njia nyingine, na hii ndiyo ninayoisimamia. Jeffrey Anker wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, ambaye alipata shahada yake ya udaktari wa falsafa kwa Kopelman yuleyule, na wenzake walijiuliza: kama ugonjwa unakaa kwenye uso wa chuma, kwa nini kihisi kisikae hapohapo? Chuma tayari ni kitu kigeni tulichokubali kukiweka. Kukipaka tabaka jembamba hakuongezi mgeni mwingine anayezurura.

Tabaka lao lina sehemu mbili. Chini kuna unga wa gadoliniamu oksisalfaidi uliotiwa chembechembe za europiamu, unaong'aa ukipigwa eksirei. Unga huu si jambo geni hospitalini. Ndugu yake, uliotiwa terbiamu, ndio uliokuwa ndani ya makasha ya filamu za eksirei kwa miongo mingi, ile karatasi nyeupe iliyobandikwa ndani ya kasha. Inang'aa kijani na kuichapa filamu, ili mgonjwa apate mionzi kidogo. Fundi mmoja wa eksirei alinipa kasha bovu walipohamia kwenye mashine za kompyuta, nalo liko kwenye kabati la maabara yetu. Na eksirei zenyewe ziligunduliwa hivyo: Novemba 1895, Röntgen aliona kipande cha karatasi iliyopakwa kemikali kikiwaka gizani, mbali kidogo na mashine yake.

Juu ya unga huo kuna utando wenye rangi ya kupimia, na rangi waliyoitumia ni ileile tunayoitumia kidato cha tatu: bromothaimoli ya bluu. Mwanafunzi hupuliza kwa mrija kwenye maji yenye rangi hiyo, kabonidioksaidi ya pumzi inatengeneza asidi hafifu, bluu inakuwa kijani, kijani kinakuwa njano. Inaanza kubadilika karibu na 7.6 na kumaliza karibu na 6.0, yaani katika eneo lilelile ambalo mguu mzima na mguu mgonjwa hutofautiana. Ikiwa bluu, rangi hiyo inameza mwanga mwekundu wa nanomita 620 hivi. Ikiwa njano, inauachia upite. Unga wa europiamu hutoa mwanga wa 620 hivi na mwingine wa karibu 700, na ule wa 700 rangi haiugusi. Gawa wa kwanza kwa wa pili: namba ikipanda, pana asidi. Kanuni ileile ya rangi mbili.

Na nyama? Eksirei zinapita. Wanazikusanya kuwa mshale mwembamba, upana chini ya milimita moja, unaotembezwa juu ya mguu nukta kwa nukta katika chumba chenye giza. Kila nukta inawaka mahali mshale ulipogusa tu, kwa hiyo hata mwanga ukitawanyika kwenye nyama namna gani, unajua umetoka wapi, kwa sababu unajua mshale ulikuwa wapi. Nilipoielewa sentensi hiyo nilisimama na kuzunguka chumba. Kutawanyika kwa mwanga, adui wa wote waliotangulia, kunakuwa si kitu. Wameijaribu kupitia nyama, kwenye mguu wa maiti, na kwa sungura.

Kama chuma chake kingepakwa

Nimejaribu kuurudisha mguu ule nyuma, wiki kwa wiki, nikiweka tabaka hilo juu ya chuma.

Wiki ya kwanza isingetusaidia, ingeweza hata kutudanganya. Damu iliyoganda kwenye mfupa uliovunjika ina asidi yake yenyewe, kwa sababu nyama iliyokatika mishipa haina oksijeni. Tungeona njano kila mahali. Daktari asiyejua angefungua mguu bure. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha kuweka msingi tu: chora ramani ya chuma chote, iweke kwenye faili.

Wiki ya pili, siku ya kutoa nyuzi, ramani nyingine. Hapo asidi ya jeraha inapaswa kuwa inapungua kwa pamoja, chuma kizima. Thamani ya kipimo iko kwenye ulinganisho huo. Namba moja ya siku moja haina maana kubwa. Sehemu moja inayobaki njano wakati nyingine saba zinarudi bluu ina maana.

Wiki ya tatu, alipoweka kidole mahali pamoja na kusema kunachemka, tungepiga ya tatu. Siwezi kuapa ingeonyesha nini. Ute wa bakteria unaweza kuwa kwenye upande wa chuma uliolala juu ya mfupa, na tabaka likapakwa upande wa nje. Skrubu zinapofungwa zinakwaruza, na pembeni mwa tundu, penye hatari zaidi, ndipo tabaka lingechubuka kwanza. Nyama nayo humeza 620 zaidi kuliko 700, kwa hiyo mguu ukivimba, mgawanyo unabadilika hata kama pH haijabadilika; lazima pawe na kipande cha tabaka kisicho na rangi, cha kulinganishia, kwenye chuma hichohicho. Haya yote ni mambo ya uhandisi na yanafanyiwa kazi. Lakini kati ya wiki ya tatu na ya nane kulikuwa na siku 35. Njano ingeonekana katika mojawapo ya hizo, hilo ninaliamini.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni mashine. Watu wakisikia eksirei wanadhani ni ile iliyopo. Siyo. Inahitaji mshale mwembamba, kifaa cha kukusanya mwanga hafifu mno, vichujio vya rangi, na chumba cheusi. Chuma chenyewe lazima kivumilie kuchemshwa kwa ajili ya usafi, kisha miezi mwilini bila rangi kuyeyuka. Tanga tunapokea vyuma vilivyotengenezwa kwingine, kwa bei iliyopangwa kwingine, na familia nyingi zinachangishana kununua hicho cha kawaida. Sisi tuliuza mbuzi wawili na simu.

Bado nasema hiki ndicho kihisi kitakachotufikia kabla ya vile vya kwenye damu, kwa sababu kinajibu swali moja, mahali pamoja, kwa mgonjwa anayejulikana, na kinatoka mwilini chuma kinapotoka. Na wagonjwa wake tunao. Ingia wodi yoyote ya mifupa ya mji wenye bodaboda uhesabu miguu. Ningependa watafiti wetu wa Kitanzania waliozoea majaribio makubwa, na mkoa huu una uzoefu huo kwani hospitali ya Teule Muheza ilishiriki jaribio la AQUAMAT la malaria kali ya watoto, waombe kuwa ndani ya majaribio haya tangu mwanzo, wakati bado inaamuliwa tabaka lipakwe upande gani na mashine iwe ya ukubwa gani, badala ya kungoja katoni zishushwe bandarini.

Kwa sasa kuna mambo yasiyohitaji nano. Nesi akikuta ganzi haishiki mara mbili penye mguu wenye chuma, aandike kwenye faili, kwa maneno, kwamba haikushika, ni dalili. Na mgonjwa anayeonyesha kwa kidole mahali palepale siku baada ya siku, bila homa, asihesabiwe kuwa anadeka.

Antena ilitolewa baada ya miezi mitatu, akafungwa hogo, nalo limeshatolewa. Anatembea na fimbo moja, na mfupa umeshika kwenye pande tatu za picha. Chuma cha zamani alipewa, akaniletea kikiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kimekaa juu ya kabati la maabara kando ya lile kasha la eksirei. Kwenye faili daktari wa upasuaji aliandika kwamba skrubu ya tundu la sita ililegea na usaha ulikuwa umezunguka hapo. Nilichukua rula, nikailaza kwenye picha yake ya wiki ya tano, kisha kwenye goko lake, nikapima kutoka tundu la sita hadi kwenye kile kikovu cha ukubwa wa ukucha alichopata usiku wa mchanga. Sentimita mbili na nusu.